Simu Imejaa, na Sitaki Ifutwe

Msambweni,
9 Februari 2025

Mpwa wangu Twaiba,

Kabla hata sijakusalimu, nilitoe lililonikaa rohoni: nimekuficha jambo. Ile simu mpya uliyoninunulia haikuharibika. Niliposema imelala kwa fundi Ukunda, ilikuwa hapa kitandani chini ya mto, nzima kabisa. Tatizo lake ni moja, imejaa. Haipokei picha, haipokei ujumbe wako, haipokei zile kurasa za kitabu unazonitumia. Imejaa pomoni, na mimi ndiye ninayekataa ipunguzwe.

Sasa salamu. Assalaam alaikum. Sisi huku hatujambo, Alhamdulillahi. Mkaza mjomba wako Zainabu amevuna mihogo ya Bodo na anaigawa kwa majirani kama mtu anayewania udiwani. Mimi koo limegoma. Sauti imebaki ya kunong'ona, kwa hivyo simu ya kuzungumza si yangu tena, na vidole vinatetemeka vikigusa kioo. Kalamu bado vinaijua. Bahasha hii nitampelekea karani wa basi la Nairobi pale Ukunda, nawe utaichukua stendi.

Unakumbuka simu ya zamani ilivyotumbukia katika ndoo ya maji ya udhu. Ukaniambia nimpe fundi ile kadi ndogo uliyonakilia kila kitu changu mwaka 2018, niliyoiweka ndani ya kasha la miwani. Nikampelekea. Fundi ni Trevor, mtu wa bara mwenye ndevu za beberu na kicheko cha kusikika ng'ambo ya barabara.

"Bonyeza hapa, mzee, kila kitu kinarudi."

Nikabonyeza. Twaiba, kila kitu kilirudi! Hata ambavyo sikuvitarajia. Hata ambavyo nilidhani havipo tena duniani.

"Mzee, umebeba nini humu?" akaniuliza. "Sauti mia tatu na kumi na mbili! Na bekapu yenyewe bado iko ndani. Yaani mzigo umeshushwa, na gunia bado limejaa. Kila kitu kiko mara mbili. Nifute hizi sauti simu ipumue?"

"Ukigusa hata moja nitakuchapa kiboko."

"Mwalimu, na hata kusimama huwezi?"

"Nitaketi nikuchape."

Usiniulize ni sauti za nini. Ni mambo ya kazi yangu ya zamani. Lakini nakuambia, tangu siku ile nina furaha isiyo na adabu, moyo unanidunda kama asubuhi ya matokeo ya mtihani. Zainabu anadhani ni dawa mpya.

Kurasa za kitabu nitumie kwa karatasi.

Wasalaam,
Mjomba wako, Mwero Rai


Nairobi,
24 Februari 2025

Shikamoo Mjomba,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama stendi, nikacheka peke yangu mpaka karani akaniuliza kama ni ya mchumba. Sisi wazima. Mume wangu Amin anakuamkia na anasema simu yako imekuwa kama kabati la bibi: halifungiki, na hakuna anachokubali kitolewe.

Umenidanganya, nami nimekusamehe, kwa sababu nina habari za kukuinua kitandani. Mchapishaji amekubali! *Ngano za Mikokoni* inachapwa upya, kwa maandishi makubwa na picha, na itaingia katika maktaba za shule huko kwetu. Watoto wa Jego, wa Bodo, wa Kombani wataisoma, Mjomba! Na dibaji nimepewa mimi niiandike. Nimeanza hivi:

"Mwalimu Mwero Rai alitembea kwa miguu kwa miaka kumi na mmoja, kutoka Jego hadi Kombani, akiokota ngano vinywani mwa wazee kabla hazijazikwa nao."

Nimeiandika nikalia mwenyewe. Niambie kama inakupendeza. Rasimu yote natakiwa kuiwasilisha tarehe ishirini Mei, uchapaji uanze mwisho wa mwezi.

Kuhusu simu, Trevor anasema kweli. Ile nakala ikishamwaga vitu vyake, yenyewe hubaki palepale imevimba. Usifute sauti, futa hiyo nakala. Lakini kwanza mwambie afungue sauti tatu nne, azisikilize, tuwe na hakika zimerudi salama. Ukifuta gunia na mzigo haukushuka, basi tena.

Na hizo sauti, Mjomba! Ni wale wazee, sivyo? Ni wazee wa kitabu! Kwa nini unanificha kitu kizuri namna hiyo? Mimi najua thamani ya sauti. Tangu mama afariki sina hata neno lake moja. Nilikuuliza siku ya matanga, ukaniambia hukuwa na chochote chake. Basi hao wazee tuwatunze, wana watoto na wajukuu wanaowatafuta kama mimi ninavyomtafuta mama.

Nijibu haraka, tafadhali.

Mpwa wako akupendaye,
Twaiba


Msambweni,
11 Aprili 2025

Mpwa wangu Twaiba,

Idd Mubarak, ijapokuwa imeshapita na sahani zimeshaoshwa. Daktari alinikataza kufunga, Zainabu akawa ananinywesha uji nyuma ya pazia kana kwamba tunaiba. Nimekonda, lakini macho yanaona vizuri.

Barua yako niliipata mapema. Nilisoma ile dibaji, nikaikunja, nikaiweka, na kwa wiki tano sikuweza kukushikia kalamu. Sababu sitaisema leo. Leo nina jingine, nalo haliwezi kungoja.

Juzi Trevor alikuja mwenyewe hapa nyumbani na mkoba wake wa vyombo, kwa kuwa mimi safari ya Ukunda siiwezi tena. Nikamwambia agizo lako: asikilize kwanza, ndipo afute. Zainabu alikuwa barazani anapepeta mchele. Trevor akagusa sauti moja, na kabla sijamwambia apunguze, chumba kizima kikajaa.

"Haya, kaka, umeshawasha? Basi sogea huko, maganda yasikurukie."

Kisha ko, ko, ko, kisu kikipasua chaza.

Ungo ulianguka. Zainabu akasimama mlangoni, mchele miguuni.

"Nani huyo?"

"Ni simu, mama," Trevor akasema.

"Simu gani inayosema kama Mwanaima?"

 Akaketi palepale kizingitini, akaziba mdomo kwa leso, akawa anacheka na machozi yanamtoka. "Wifi yangu! Wifi yangu jamani, hata huko aliko bado anakaripia watu!"

Ndiyo, Twaiba. Mama yako yumo. Nilimrekodi jikoni kwake Bodo, kuanzia mwaka 2015 hadi 2018, akipasua chaza zake za mikokoni na mimi nimeketi kwenye mbuzi ya kukunia nazi, simu mkononi. Anasimulia, anaimba, anamfukuza paka, anasimulia tena.

Sasa sikiliza lililo gumu. Siku ya matanga nilipokuambia sina chochote chake, sikuwa nacho kweli. Nilikuwa nimeshazifuta zote, kwa kidole hiki, moja baada ya moja, wiki ile kitabu kilipotoka mwaka 2019. Kazi ya siku mbili. Mama yako alikuwa hai, nami nikaifuta sauti yake. Nilisahau kwamba mwaka mmoja kabla ya hapo wewe ulikuwa umenakili simu yangu yote katika kadi. Nilikuwa na hakika zimekwenda. Kumbe zilikuwa ndani ya kasha la miwani, nazibeba msikitini na kurudi nazo!

Kwa nini nilizifuta, usiniulize kwanza. Nipe muda. Nafurahi kupita kiasi, na naogopa, na vyote viwili vinakaa kitanda kimoja.

Ile nakala tumeifuta. Trevor aliponionyesha, akasema, "Hili ndilo gunia, na huu ndio mzigo. Nafuta gunia," nikamshika mkono.

"Una hakika mzigo umeshuka wote?"

"Mwalimu, nimehesabu mara mbili."

"Hesabu ya tatu."

Akahesabu ya tatu. Zainabu naye akawa anaweka punje ya mchele kwa kila sauti, hamwamini mtu wa mashine. Zikatimia mia tatu na kumi na mbili, Trevor kwa simu na Zainabu kwa punje. Ndipo akabonyeza. Simu ikatulia, kisha ikaanza kulia kama kuku waliomwagiwa mahindi: jumbe zako arobaini na sita, zilizokuwa zimekwama njiani tangu Januari, zote kwa pamoja!

Nimemwambia Trevor akutumie sauti moja, ngano ya kaa aliyeazima gamba. Utakuwa umeipata kabla ya barua hii. Zainabu naye najua amekupigia, na najua mlilia tu, hamkusema lolote la maana.

Wasalaam,
Mjomba wako, Mwero


Nairobi,
22 Aprili 2025

Shikamoo Mjomba, shikamoo tena, na tena,

Nimeisikiliza mara kumi na tisa. Nimeisikiliza jikoni, nimeisikiliza ofisini chooni ili watu wasinione. Amin ameshaijua kwa moyo, jana nilimkuta anapiga pasi na kusema "sogea huko, maganda yasikurukie" kwa sauti ya mama! Nilimrushia mto, kisha nikamkumbatia.

Sikukasirika, nataka ulijue hilo kwanza. Nilipofika pale unaposema ulizifuta, niliiweka barua chini nikatoka nje, nikauzunguka mtaa mzima. Niliporudi hasira ilikuwa haipo. Sauti imerudi, Mjomba. Aliyekufa nikaambiwa hakuacha neno, sasa ananiambia paka ametoka na mkia wa samaki. Nikukasirikie vipi?

Mzee wangu, kula. Zainabu ameniambia unaacha uji.

Sasa nikuulize. Ngano ile ya kaa nimeifungua katika kitabu, ukurasa wa thelathini na moja, nikaifuatisha kwa kidole huku mama anasema. Ni ileile. Neno kwa neno, hata pale anapokohoa umeweka nukta. Mimi utotoni alinisimulia ngano hizi, na kitabu kilipotoka nikadhani ni za watu wote, kila nyumba ya Kwale inazo. Kumbe hii ulipewa na yeye! Nimefurahi mno. Nimeongeza mstari katika dibaji: "Miongoni mwa waliomsaidia ni dada yake, marehemu Mwanaima Rai, wa Bodo." Vizuri?

Lakini mbona mwishoni amekatwa? Kaa anarudi baharini, mama anavuta pumzi aseme neno, na kimya. Nyumbani kwetu hakuna ngano iliyofungwa bila kutajwa mwenyewe. Wewe ndiye uliyenifundisha desturi hiyo: unamtaja aliyekupa, na aliyempa yeye, na mwisho unajitaja wewe. Mama hakuwahi kuiruka hata siku moja, hata akiwa amechoka vipi. Nani amemkata?

Jambo la mwisho, nalo ni la haraka. Mchapishaji anataka nyuma ya kitabu pawe na orodha ya wasimulizi wote na vijiji vyao, ili watoto wayakute majina ya babu zao. Kitabu kina ngano sabini na nane. Naomba majina. Wale wa Jego, wa Funzi, wa Kombani. Tarehe ishirini Mei, Mjomba, usisahau. Baada ya hapo kitachapwa kama kilivyo.

Mpwa wako,
Twaiba


Msambweni,
14 Mei 2025

Mpwa wangu mpenzi Twaiba,

Barua hii anakuletea Trevor mwenyewe. Amefunga kibanda chake siku mbili na hakutaka kusikia habari ya karani wa basi. Ndani ya bahasha kuna kadi yenye sauti zote mia tatu na kumi na mbili, nzima, hazikukatwa hata sekunde. Mpe chakula, anapenda samaki wa kupaka ingawa atasema ameshiba.

Zainabu mzima, anakusalimu mno. Mimi, daktari amekuja, akaongea na Zainabu nje ya mlango, na watu wakiongea nje ya mlango mgonjwa huwa ameshajua. Basi tuache hilo. Sina huzuni! Ningekuwa na huzuni ningekuficha. Tangu asubuhi simu iko juu ya mto wangu na dada yangu anazungumza. Jana alituimbia wimbo wa kutwangia, Zainabu akaitikia kutoka uani. Trevor hupita kila jioni akisema amekuja kuikagua betri, kisha huketi saa nzima. "Mwalimu," aliniambia, "huyu mama angekuwa na redio yake." Nimeishi miaka themanini na mmoja na sijawahi kuwa na wiki nzuri kama hizi. Nilikuwa nimesahau ukali wake, na utani wake. Nilikuwa nimekifuta kicheko chake hata kichwani mwangu.

Nakujibu sasa.

Aliyemkata ni mimi. Nilimwagiza Trevor aondoe sekunde arobaini za mwisho kabla ya kukutumia. Akaniuliza, "Mbona tunamkata mama akiongea?" Nikamwambia ni kelele tu. Siyo kelele. Utazisikia mwenyewe: "Hii nimepewa na bibi yangu Mejumaa wa Bodo, naye alipewa na mamake, na mimi Mwanaima binti Rai naiweka hapa." Anasema hivyo mwisho wa kila ngano. Mimi nilizibakiza ngano nikaitupa mikia yake, kitabuni kwanza, halafu simuni, na mwezi uliopita nikafanya vilevile kwako. Mzee mzima, mguu mmoja kaburini, nikarudia.

Unataka majina ya wazee wa Jego. Jego nimefika mara moja, katika arusi, nikala pilau nikarudi. Funzi sijawahi kulala. Kombani nilikuwa nikinunua vitunguu. Hakuna wazee, Twaiba. Miaka kumi na mmoja ya kutembea kwa miguu niliibuni mezani, ili kitabu kionekane kimefanyiwa kazi na msomi. Ngano zote sabini na nane ni za mama yako. Nilichofanya mimi ni kuketi juu ya mbuzi, kubonyeza, kwenda nyumbani, na kunakili. Nukta ni zangu. Mengine yote ni yake.

Basi usiandike "miongoni mwa waliomsaidia." Andika jina lake juu ya jalada, peke yake. Langu ukilitaka, liweke ndani kwa herufi ndogo: aliyenakili. Barua hii mwonyeshe mchapishaji, nimeitia sahihi na Zainabu ameweka kidole gumba kama shahidi. Zimebaki siku sita. Kimbia!

Utaniuliza kwa nini. Nimejiuliza pia. Baba alikuwa na nafasi ya kusomesha mtoto mmoja, akanichagua mimi. Mwanaima alikuwa akinisindikiza hadi njia panda, amenibebea vitabu, kisha anageuka kwenda mikokoni. Nikasoma, nikafundisha, nikaitwa mwalimu na watu ambao hata sikuwafundisha. Nilipostaafu nikaketi kuandika kitabu changu na sikuwa na kitu cha kuandika. Yeye alikuwa nacho, kimejaa, kinammwagika huku akipasua chaza. Niliona haya. Nikasema moyoni kwamba hajui kusoma, hatapungukiwa na kitu.

Na kuna moja ambalo halimo katika sauti yoyote, kwa hiyo usipoambiwa na mimi hutalijua kamwe. Zainabu halijui. Nakuaga kabla sijaliandika, maana nikishaliandika sitaweza kuendelea. Nisamehe, mwana wa dada yangu, na Mungu akuweke. Mimi ni Mwero.

Kitabu kilipotoka nilimpelekea nakala Bodo. Alifuta mikono kwenye leso, akakipokea kwa mikono miwili, akakinusa. Kisha akaniuliza, "Kaka, jina langu liko wapi?" Nilikifungua ukurasa wa pili, nikamshika kidole, nikakiweka juu ya mstari, nikamwambia, "Hapa. Mwanaima binti Rai." Akalipapasa mara nyingi. Kwa miaka miwili, mpaka alipofariki, kila jirani aliyeingia jikoni mwake alifunguliwa ukurasa ule na kuonyeshwa mahali pale, isipokuwa wewe, kwa sababu aliona haya kujisifu mbele ya binti msomi. Halikuwa jina lake, Twaiba. Pale pameandikwa anwani ya mpiga chapa.